Diski Nayo Yataka Daftari: Namna ya Kugawa Nafasi Katika Seva ya Nyumbani

Safu ya wiki hii naiandika nikiwa mbali na bahari, ingawa si mbali na maji. Niko Usenge, kaunti ya Siaya, kwa dada yangu aliyeolewa huku na mfanyabiashara wa samaki. Asubuhi omena huanikwa ufuoni, mashua za Mageta huondoka na abiria, na jioni watoto hukusanyika sebuleni mbele ya televisheni. Nyuma ya televisheni hiyo kuna kompyuta kuukuu isiyo na skrini, imeunganishwa na kisanduku cha intaneti. Hiyo ndiyo seva ya nyumba. Filamu, katuni, darsa, picha za harusi, vyote viko humo, na kila mwenye simu ndani ya nyumba huvitazama bila kutumia bando.

Nimekuja kwa sababu ya msiba mdogo, usiotangazwa msikitini. Mnamo 2019 tulikaa mimi na dada tukahamisha kaseti za marehemu baba yetu, Mola amrehemu, akisoma maulidi na kuwafunza watoto wa mtaa. Tukaziweka kwenye seva hiyo, kisha kaseti zenyewe, zilizokuwa zimeshaota ukungu, tukazitupa. Likizo iliyopita diski ilijaa. Mpwa wangu alitaka nafasi ya tamthilia, akatafuta folda kubwa ambayo haikufunguliwa kwa miezi mingi, akaifuta. Tulipogundua, tamthilia ilikuwa imeshaandikwa juu yake. Fundi alijaribu siku mbili akaambulia vipande vya sekunde chache chache.

Simlaumu mtoto. Yeye aliona diski moja, folda zimepangwa kama viazi gunia moja, na hakuna palipoandikwa hapa pasiguswe. Kosa ni letu sisi wakubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa na mali bila daftari. Kwa hiyo wiki hii nimekaa na dada na shemeji tukapanga upya, na nimeona niandike hatua zenyewe, kwani najua nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina kisanduku kama hicho.

Anza na swali moja: kikipotea, chapatikana tena?

Watu wengi hugawa diski kwa aina ya faili: video huku, sauti kule, picha pale. Mpango huo waonekana nadhifu, lakini hautusaidii pale diski inapojaa au inapokufa. Video ya harusi ya dada yako na video ya sinema ni aina moja kwa kompyuta, ilhali moja wapo ikipotea utalia na nyingine utainunua tena. Gawa kwa thamani, si kwa aina. Sisi tumepata mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kumbukumbu: kila kilichorekodiwa na watu wenu wenyewe. Picha, video za simu, harusi, sauti za wazee, nakala za hati za shamba na vyeti. Hiki hakipatikani tena mahali popote.

Fungu la pili ni elimu: darsa, kisomo cha Qur'ani, masomo ya shule. Vingi vyaweza kupatikana tena, lakini kwa taabu na muda. Angalia hapa: darsa uliyoirekodi mwenyewe msikitini kwenu si ya fungu hili, ni kumbukumbu.

Fungu la tatu ni burudani: filamu, katuni, tamthilia. Hiki kikipotea, hasara ni bando tu. Na nikumbushe kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 bado yatuhusu. Kilichonunuliwa kwa matumizi ya nyumba kisigeuzwe biashara ya kuonyesha watu kwa kiingilio.

Hesabu ya nafasi

Baada ya mafungu, piga hesabu. Kanuni ni nyepesi. Kasi ya video na sauti hupimwa kwa biti kwa sekunde, na nafasi ya diski hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Basi video ya megabiti 8 kwa sekunde hula megabaiti 1 kila sekunde, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. Ukishaijua hiyo moja, nyingine zote utazipata kwa kuzidisha na kugawanya.

Video ya simu yenye picha safi ya 1080 mara nyingi huwa karibu megabiti 17 kwa sekunde. Hiyo ni gigabaiti 7.65 kwa saa. Filamu ya saa mbili iliyobanwa kwa megabiti 5 hula gigabaiti 4.5. Kipindi cha dakika 45 kwa megabiti 2.5 hula kama megabaiti 840. Darsa la sauti la kilobiti 128 hula megabaiti 58 hivi kwa saa. Kaseti ukiihamisha bila kubana, kwa kiwango kile cha sidii za muziki, hula megabaiti 635 kwa saa. Ukiibana kwa FLAC, ambayo haipunguzi chochote katika sauti, hushuka hadi karibu nusu. DVD ya kawaida hubeba hadi gigabaiti 4.7.

Sasa tazama nyumba ya dada. Picha 12,000, kila moja wastani wa megabaiti 3, ni gigabaiti 36. Video za simu saa 30 ni 230. DVD 14 za harusi na akika ni 66. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa wana kaseti 40 za saa moja moja, ambazo safari hii tutazihamisha kabla hazijaoza. Hizo ni 25. Jumla ya kumbukumbu ni gigabaiti 357.

Usiishie hapo, kwani nyumba hukua. Familia hii hurekodi kama saa tano za video na picha 2,000 kwa mwaka, yaani gigabaiti 45 hivi. Kwa miaka mitano ni 225. Ukijumlisha wapata 582.

Elimu: saa 500 za darsa ni gigabaiti 29, na saa 100 za masomo ya video kwa megabiti 2 ni 90. Jumla 119, na huongezeka kila muhula.

Burudani: filamu 200 ni gigabaiti 900, na vipindi 300 ni kama 253. Jumla 1,153. Ukitazama vizuri utaona kwamba kitu chenye thamani ndogo kuliko vyote ndicho kinachokula nafasi kubwa kuliko vyote. Usipokiwekea ukuta, kitaingia vyumba vya wenzake.

Diski ya terabaiti 4 si 4

Shemeji alinunua diski ya terabaiti 4, akaiunganisha, kompyuta ikamwambia 3.64. Akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Kiwanda huhesabu kwa elfu: terabaiti moja ni gigabaiti 1,000. Baadhi ya mifumo ya kompyuta huhesabu kwa 1,024. Nafasi ni ile ile, kipimo ndicho tofauti. Muhimu ni kutumia kipimo kimoja tu katika daftari lako. Sisi tumetumia cha kiwanda.

Kuna makato mengine ya kweli. Mfumo wa faili wa ext4, unaotumiwa sana na seva za Linux, hujiwekea asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya msimamizi. Katika terabaiti 4 hiyo ni gigabaiti 200. Kwa diski inayobeba mfumo endeshi akiba hiyo ina faida. Kwa eneo la video tupu waweza kuishusha hadi asilimia 1 kwa amri ya tune2fs.

Na usipange kujaza eneo lolote hadi mwisho. Mifumo ya faili hupoteza kasi na hutawanya vipande vya mafaili nafasi ikibana. Chukua asilimia 80 kuwa ndiyo kujaa kwako. Ikifika hapo, ni wakati wa kufuta au kununua.

Jihadhari pia na diski za bei ya kutupa. Sokoni kuna diski na flashi zilizoandikwa terabaiti 2 nje, na ndani ni gigabaiti 64. Hukubali kila unachoweka, kisha huandika kipya juu ya cha zamani bila kusema. Kabla hujaiamini diski mpya, ijaribu kwa programu kama H2testw au F3, ambazo huijaza na kuisoma tena yote. Ni kazi ya usiku mzima, lakini ni afadhali kuliko majuto.

Mgao wetu

Huu ndio mgao tuliokubaliana kwa diski ya gigabaiti 4,000:

Kumbukumbu: 800
Elimu: 300
Burudani: 1,500
Nakala za simu na kompyuta za nyumbani: 400
Isiyogawiwa: 1,000

Kumbukumbu za miaka mitano, 582, zitakuwa asilimia 73 ya 800. Burudani ya sasa ni asilimia 77 ya 1,500, kwa hiyo watoto wamekaribia ukingo wao. Wakitaka tamthilia mpya wafute ya zamani, na hawawezi tena kufuta ya babu.

Wengi huuliza kwa nini gigabaiti 1,000 zikae bure. Hazikai bure. Hakuna ajuaye ni fungu gani litakalokua kuliko tulivyokisia. Mtoto akinunua simu inayorekodi 4K, hesabu ya kumbukumbu yabadilika kwa mwaka mmoja. Kuongeza eneo ni rahisi, kulipunguza ni taabu. Ukitumia LVM pamoja na ext4, waweza kuongeza eneo huku seva ikifanya kazi. Kulipunguza ni lazima ulisimamishe kwanza, na kosa dogo laweza kukugharimu mafaili. Mfumo wa XFS kwa kawaida haupungui, huongezeka tu. Kwa hivyo anza na kidogo, weka akiba, ongeza kwa haja. Wanaotumia ZFS au Btrfs wao huweka viwango juu ya hifadhi moja ya pamoja, navyo hubadilishwa wakati wowote.

Mfumo endeshi ukae chumba chake

Usiweke mfumo endeshi na video katika eneo moja. Video zikijaza eneo la mfumo, seva yote husimama, hata kuingia kurekebisha huwa shida. Sisi tumetumia SSD ndogo ya gigabaiti 120 kwa mfumo peke yake. Programu kama Jellyfin huweka pia mabango ya filamu, orodha, na mafaili ya muda pale inapobadilisha video ili simu iweze kuicheza. Mafaili hayo ya muda yaweza kufika gigabaiti kadhaa kwa filamu moja. Yaachie nafasi humo na hakikisha kwamba husafishwa.

Kuhusu aina ya mfumo wa faili: diski nyingi ndogo na flashi huja na FAT32, ambayo haikubali faili moja lifike gigabaiti 4. Ndiyo maana video ndefu ya harusi hukataa kunakiliwa ingawa nafasi ipo. exFAT huondoa kizuizi hicho, lakini haina kumbukumbu ya shughuli inayosaidia kujirekebisha stima ikikatika katikati ya kuandika. Kwa diski ya kubeba mkononi exFAT yatosha. Kwa seva, tumia ext4.

Kioo si nakala

Hapa tulibishana sana. Shemeji alitaka diski mbili za terabaiti 4 zifungwe pamoja kama kioo, yaani RAID 1, kila kinachoandikwa huku kiandikwe na kule. Faida yake ni kweli: diski moja ikifa, nyingine yaendelea. Lakini kioo huonyesha kila kitu, hata kosa. Mpwa angefuta folda ya babu, ingefutika pande zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi akibeba kisanduku, amebeba zote mbili. Radi ikipiga, imepiga zote mbili, na eneo hili la Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi sana duniani.

Kama pesa zatosha diski mbili tu, ushauri wangu ni huu: moja ikae ndani ya seva, ya pili iwe nakala rudufu inayochomolewa na kufungiwa kabatini. Kioo kinafaa ofisi ambayo haiwezi kusimama hata saa moja. Nyumbani tukikosa katuni jioni moja hakuna aliyekufa njaa.

Kanuni inayojulikana ni 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe nje ya nyumba. Kwetu imekuwa hivi. Nakala ya kwanza ni seva yenyewe. Ya pili ni diski ya kubeba ya terabaiti 2, ambayo yatosha kumbukumbu, elimu na nakala za simu zikijaa zote, kwani jumla ni gigabaiti 1,500. Huunganishwa kila Ijumaa usiku, kazi ikiisha huchomolewa. Ya tatu ni diski ya terabaiti 1 yenye kumbukumbu tu, nayo itakaa kwangu Mombasa. Burudani haina nakala kabisa, na huo ni uamuzi, si usahaulifu.

Kwa nini tusiipandishe intanetini? Tulipiga hesabu. Gigabaiti 357 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku sita na nusu, usiku na mchana bila kukatika, na huku kukatika ni kawaida. Basi la kutoka Kisumu hadi Mombasa litafika mapema zaidi. Diski nitaibeba kwenye mkoba wangu, si kwenye buti.

Stima, joto na wadudu

Mpango wa nafasi hauna maana diski ikichomeka. Stima ikikatika ghafla diski ikiandika, mafaili huharibika. Ikirudi kwa kishindo, vifaa huungua. UPS ndogo ya kuipa seva dakika kumi za kujizima vizuri ni sehemu ya bei ya diski, si anasa. Diski kubwa ya inchi 3.5 yahitaji umeme wake wa volti 12. Usitarajie kuendeshwa na tundu la USB la kompyuta ndogo kama Raspberry Pi.

Pwani adui wetu ni chumvi ya hewani. Hapa Usenge ni vumbi na wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi kutoka majini na kuingia katika kila tundu lenye taa. Seva iwekwe mbali na dirisha, juu ya sakafu, na feni yake isafishwe kila mwezi.

Kuta zenye mlango

Mgao peke yake huzuia burudani isivamie, lakini hauzuii mkono wa mtu. Kwa hivyo kila eneo lina ruhusa yake. Simu za watoto huona kumbukumbu kwa kusoma tu: hucheza, haziwezi kufuta wala kuhamisha. Burudani wanayo ruhusa kamili. Dada peke yake ndiye anayeingiza kitu katika kumbukumbu. Samba, ile programu ya kugawana folda, yaweza pia kuwekewa pipa la taka, ili kilichofutwa kupitia mtandao kikae humo kwanza.

Mwisho ni daftari lenyewe, na namaanisha daftari la karatasi. Dada amebandika ukurasa ndani ya mlango wa kabati: jina la kila eneo, ukubwa wake, kimejaa kiasi gani, tarehe ya nakala ya mwisho. Kila Ijumaa anaandika mstari mmoja. Mara moja kwa miezi mitatu anafungua faili moja kutoka kwenye nakala na kulisikiliza, kwa sababu nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Nilipokuwa nafunga mkoba kuja huku, nilipata chini ya kabati langu kaseti mbili za baba zilizosalia, sikujua kama ninazo. Jana usiku tumezihamisha. Moja imekwaruza sana, sauti yaja na kupotea. Ya pili ni safi. Baba anawafunza watoto Suratul Fatiha, anamsahihisha mmoja wao mara tatu kwa upole, kisha anacheka. Mtoto huyo ni dada. Mpwa wangu ndiye aliyeiandika kwenye daftari: kumbukumbu, faili la kwanza, dakika 43. Kisha akauliza mwenyewe nakala ya Mombasa itaandikwa lini.